Nafasi ya Veit Kwenye Benchi

Katika jengo moja la mtaa wa Giesing, mtu akipata mgeni anayetaka kwenda Wiesn, ile sikukuu kubwa ya bia ya Wajerumani, humpandisha kwanza ghorofa ya nne kwa mzee Quirin Haslbeck, kama vile mtoto anavyopelekwa kuchanjwa kabla ya kuanza shule. Quirin alikuwa fundi wa tramu miaka arobaini, na sasa amestaafu, mikono imebaki haina cha kukaza wala cha kulegeza. Kwa hiyo huwakaza wageni. Huwakalisha jikoni, huwamiminia kahawa, halafu huwapa sheria za sikukuu ya bia.

Usivae viatu vipya. Usibebe begi kubwa, mlangoni watakurudisha nalo, na foleni ya kuhifadhi mizigo ni ndefu kuliko safari yenyewe. Kula kabla ya kunywa, maana bia ya sikukuu ni nzito kuliko ya siku zote, inashuka kama maji na kupanda kama moto. Mhudumu mpe cha juu kwenye kombe la kwanza, si la mwisho. Kufikia la mwisho yeye amechoka na wewe umelisahau hata jina lako. Kusimama juu ya benchi ruhusa, juu ya meza watakutoa. Na simu usiitegemee, watu wakishajaa haishiki, inakuwa kipande cha kioo tu mfukoni.

Zipo nyingine, hazina mwisho. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili aliwahi kusema kwamba ukimsikiliza Quirin mpaka mwisho, sikukuu inakuwa imekwisha. Lakini moja huisema akiwa amesimama, na sauti inabadilika.

"Ukishapata nafasi, usiinuke. Ukiinuka, nafasi imekwenda. Na mtu akikwambia umshikie nafasi, mshikie mpaka ufe."

Wageni hucheka. Quirin hacheki.

Sheria hiyo ina umri wa miaka tisa. Alikuwa na mdogo wake, Veit, wamepishana miaka mitatu. Baba yao alikuwa akiendesha farasi wa kiwanda cha bia, wale farasi wanene wa gwaride, na wavulana hao wawili walikua wakinuka zizi na kimea mpaka shuleni wakatengewa dawati la dirishani. Walikwenda Wiesn pamoja kila mwaka, tangu enzi za kupewa maji ya limau huku baba anakunywa bia. Halafu mwaka ule, Jumamosi ya katikati, ile ambayo Waitaliano hushuka na mabasi yao, Veit aliinuka kwenye benchi, ndani ya hema la bia, kwenda kumpokea mkewe Gerlinde mlangoni, akasema, "Kaka, nishikie." Quirin akashika. Wakaja vijana watatu wa Kiitaliano, wamechoka, wanaomba dakika tano tu. Quirin mtu wa huruma, akawasogezea. Dakika tano zikawa saa nzima, milango ya hema ikafungwa kwa kujaa, na Veit na Gerlinde wakabaki nje kwenye mvua.

Basi, hicho ndicho kisa. Mtu wa mbali atasema, kwa jambo hilo tu? Lakini ugomvi wa ndugu hauhitaji kuni nyingi. Kesho yake Veit hakupiga simu. Quirin naye hakupiga, alikuwa akingoja agombezwe ndipo aombe radhi. Hakugombezwa. Ikapita Krismasi, ikapita Pasaka. Mwaka wa nne Gerlinde akafariki, na Quirin akaenda makaburini, akasimama nyuma kabisa karibu na bomba la kujazia ndoo za maua, akaondoka kabla ya watu kupeana mikono. Hajui mpaka leo kwa nini aliondoka. Miguu ilikwenda tu.

Mwaka huu dada yao Afra, ambaye nyonga imemfunga nyumbani, alimpigia simu.

"Sikiliza wewe ng'ombe. Nimezungumza na yule ng'ombe mwenzio. Jumamosi ya katikati, hema lile lile, karibu na bendi. Saa tano."

"Amekubali?"

"Amekubali. Na usiponiletea habari njema, mimi nikifa msije, mniache nizikwe na majirani."

"Amesemaje hasa?"

"Amesema atakuja, Quirin! Unataka aseme nini, akuimbie?"

Jumamosi hiyo Quirin alikuwa mlangoni pa hema saa mbili na nusu asubuhi. Amevaa kaptura yake ya ngozi, soksi za sufu, na kofia yenye unyoya. Mlango ulipofunguliwa saa tatu vijana walikimbia kama wanakimbizwa na nyuki, naye akakimbia katikati yao, mzee wa miaka sabini na mmoja, na kwa msaada wa Mungu na viwiko akapata alipopataka: kushoto kwa bendi, upande wa jikoni, meza ya pili kutoka njiani. Hapo hapo pa miaka tisa iliyopita. Akaketi mwisho wa benchi, akavua kofia, akaiweka kando yake.

Nafasi ya Veit.

Mhudumu wa meza zile aliitwa Burgi, mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye mikono ya mpiga makasia. Akaiangalia kofia.

"Babu, huyu mwenzako anakunywa nini?"

"Ndugu yangu anakuja."

"Wote wana ndugu anayekuja. Kofia haininywei bia, babu."

"Lete mawili. Moja langu, moja lake." Akamwekea cha juu mkononi, kinono.

Burgi akalegea. "Haya. Kofia imekaribishwa. Lakini hema likijaa, mimi na wewe tutazungumza tena."

Makombe yakaja, lita moja kila moja, povu limesimama. Moja mbele ya Quirin, moja mbele ya kofia. Kufikia saa nne meza ilikuwa imejaa. Kando ya kofia walikaa mtu na mkewe kutoka Augsburg, na ng'ambo vijana wanne wa Bergamo, Waitaliano. Quirin alipowasikia wakisema, mgongo ulimkakamaa. Mmoja wao, Ivano, mwenye Kijerumani cha kuokoteza lakini uso wa heri, akaielekezea kofia kidole.

"Mzee, hapa mtu?"

"Mtu."

"Wapi mtu?"

"Anakuja."

"Saa ngapi anakuja?"

"Kijana, hata ukinililia, hapa ni mtu."

Ivano akainua mikono kama aliyeelekezewa bunduki, na wenzake wakacheka. Yule mama wa Augsburg akamwambia mumewe, "Unaona? Huyu anamshikia ndugu yake. Wewe juzi hukunishikia hata lifti."

Saa tano ikafika. Veit hakutokea.

Saa tano na robo. Povu la kombe la kofia lilikuwa limekwisha, bia imelala kama maji ya kuoshea kitu. Quirin akaanza kuchanganyikiwa. Labda ni Jumamosi nyingine. Lakini Waitaliano si hawa hapa? Labda Veit alikubali ili Afra anyamaze. Labda yuko nje, milango imefungwa, anasimama tena kule kule, na safari hii atasema Quirin amefanya makusudi. Au amekuja, amemwona kwa mbali, amegeuka. Akajaribu simu, kama alivyowaambia watu wote, ilikuwa kipande cha kioo. Akasimama nusu, akanyoosha shingo. Vichwa, kofia, moshi wa kuku wa kuchoma, wahudumu wanapuliza filimbi wapishwe njia. Watu elfu sita, na yeye anatafuta ndevu moja, maana Veit ana ndevu kubwa, nyeupe, mpaka kifuani.

"Keti, mzee," akasema Ivano. "Ukisimama mimi nakaa."

Akaketi upesi kama aliyechomwa sindano. Kijana alikuwa anatania, lakini Quirin hakujua tena kipi ni utani.

Burgi akarudi na makombe kumi kifuani, akayashusha yote bila kumwaga tone. "Babu, milango imefungwa. Ndugu yako kama hayumo, haingii. Nina watu wamesimama njiani tangu saa nne, na kwangu mtu aliyesimama haruhusiwi kupewa bia. Kofia yako inanikosesha riziki."

"Nipe nusu saa."

"Mna wazimu gani nyinyi wazee leo? Mwenzangu Notburga naye ana wa kwake huko, upande wa pili wa bendi. Kaweka kofia tangu saa tatu, kaiagizia na bia. Ukimgusa anang'aka."

Yule mama wa Augsburg ndiye aliyetangulia kuelewa. Quirin alikuwa bado anakunja uso.

"Ana ndevu?" akauliza Quirin.

"Hana ndevu. Mkavu, mwembamba, kama fimbo ya kuanikia soseji."

"Basi si yeye. Veit ana ndevu. Na Veit ni mnene."

"Miaka tisa, mzee," akasema mume wa Augsburg taratibu. Labda Quirin alikuwa amewasimulia. Hakumbuki kama aliwasimulia. "Mtu anaweza kunyoa."

"Muulize jina," Quirin akamwambia Burgi.

"Mimi mhudumu, si posta."

Lakini aliuliza. Aliporudi na mzigo mwingine wa makombe alisema akiwa bado anahema, "Veit Haslbeck. Anasema yuko pale mlipokubaliana, na wewe umechelewa."

"Nimechelewa! Mimi niko hapa tangu saa tatu! Mwambie hapo siyo. Hapa ndipo. Mwambie nimemshikia nafasi, aje."

Burgi akaenda. Bendi ikapiga nyimbo mbili. Burgi akaja. "Anasema kwake ndipo, kwako siyo. Naye amekushikia nafasi. Uje wewe."

"Mwambie akiinuka hakosi nafasi, mimi niko hapa namngoja!"

"Anasema hainuki. Anasema aliwahi kuinuka mtu, ikawa balaa."

Quirin akatazama mikono yake. Neno hilo lilimwingia vibaya. Aliwahi kuinuka mtu. Veit mwenyewe ndiye aliyeinuka, sasa hiyo ni lawama au ni nini? Kama ni lawama, mbona amemshikia nafasi? Na kama amemshikia nafasi kwa wema, mbona haji? Kichwani mwake mambo yalizunguka kama bembea ya minyororo ya pale nje, kila akikishika kiti kimoja kinamponyoka na kingine kinakuja. Miaka yote hii alijiapiza kwamba siku Veit akija atamkuta ameketi, nafasi ipo, hakuna Muitaliano juu yake. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake la radhi, hakuwa na lingine. Akiinuka, analitupa.

"Babu," akasema Burgi, safari hii kwa upole, "nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Nimeona watu wanapigana kwa ajili ya benchi, wanaposwa juu ya benchi, mmoja alitaka kujifungulia juu ya benchi. Lakini wanaume wawili wazima wanaopelekeana salamu kupitia kwa mama mwenye makombe kumi kifuani, hao bado. Mimi sirudi tena huko. Amua."

"Ukienda mimi nashika," akasema Ivano, na kugonga kifua. "Kofia na wewe. Wote wawili. Naapa."

Quirin akamtazama sana kijana yule. Alitaka kucheka, akashindwa.

"Usishike," alisema mwishowe. "Wape wale waliosimama."

Akavaa kofia. Akachukua makombe yote mawili, lake lenye nusu na lile lililolala, maana bia iliyolipiwa haiachwi, akaingia njiani. Kabla hajapiga hatua kumi, nyuma yake palikuwa pameshakaliwa.

Kutoka upande mmoja wa bendi hadi wa pili si mbali, siku tupu ni kama kuvuka barabara. Siku ile ilikuwa nchi nyingine. Filimbi zilimpulizia, akasukumwa, akaombwa radhi, akasukumwa tena. Na bendi nayo ikaona huo ndio wakati wa kupiga wimbo wa kugonganisha makombe, watu wote wakapanda juu ya mabenchi, akabaki kama mtu aliyepotea kwenye shamba la mahindi. Mtu asiyemjua akagonga kombe lake, mwingine akambusu shavuni. Akawa hajui tena bendi iko kulia au kushoto. Alifikiri, sasa sina kule wala huku. Nitakufa hapa na bia mbili.

Wimbo ulipokwisha watu wakaketi, na wote walipoketi akaiona kofia ikiwa peke yake kwenye benchi, na kombe lililolala mbele yake. Kando yake mzee mwembamba, kidevu cheupe kama kimechunwa. Masikio yalikuwa ya baba yao.

"Umechelewa," akasema Veit.

"Nimefika saa tatu."

"Mimi nilikuona saa tatu ukikimbia. Nikasema, mwendawazimu gani yule. Sikujua ni wewe, umezeeka."

"Wewe umekwisha! Ndevu ziko wapi?"

"Zilikuwa zinaingia kwenye supu." Akainua kofia kutoka kwenye benchi. "Keti, kaka. Nimekushikia."

Quirin akaketi. Makombe manne sasa mezani kwa watu wawili, mawili yamekufa. Mwishowe Veit akasema, akiwa anaiangalia meza, "Nimetaka kukwambia tangu siku ile. Nisamehe."

"Nikusamehe?"

"Kwa ile nafasi."

"Nafasi gani?"

"Usinifanyie hivyo, Quirin. Uliinuka kwenda kununua lozi za kukaanga, ukaniambia nishikie. Nikampa binamu yake Gerlinde. Milango ikafungwa, ukabaki nje unalowa. Hukupiga simu tena. Nikasema, amekasirika, ana haki."

Quirin akamtazama kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

"Sivyo," alisema. "Wewe ndiye uliyeinuka. Ulikwenda kumpokea Gerlinde. Mimi ndiye niliyeigawa, kwa Waitaliano. Wewe ndiye uliyelowa."

"Mimi? Mimi nilikuwa mkavu! Nilikuwa hapa hapa, kulia kwa bendi."

"Kushoto kwa bendi! Mimi ndiye niliyekuwa mkavu!"

"Kama ulikuwa mkavu, nani alilowa?"

Wakaanza upya, tangu mlangoni. Veit alikumbuka lozi, karatasi yake nyekundu. Quirin alikumbuka Waitaliano, mmoja alikuwa na jino la dhahabu. Veit alikumbuka mvua ya jioni, Quirin ya mchana. Ikafika mahali Quirin akaanza kuiona hiyo karatasi nyekundu mkononi mwake, akashtuka, hakujua kama anaikumbuka au ameiazima sasa hivi. Wakamwita Notburga, mhudumu wa upande ule.

"Dada, miaka tisa iliyopita, Jumamosi kama hii, wewe ulikuwapo? Unatukumbuka? Nani aliinuka?"

"Wazee wangu," akasema Notburga, "mimi sikumbuki hata aliyeagiza kuku huyu niliyemshika. Ni wenu?"

"Si wetu."

"Sasa ni wenu," akawawekea, akaondoka.

"Gerlinde angejua," Quirin alisema, na papo hapo akatamani angelimeza neno hilo.

Veit akavuta sahani ya kuku. "Gerlinde alikuwa anasema sote wawili hatuna akili. Lakini hakusema nani alilowa. Sikumuuliza. Nilidhani najua." Akamkata kuku, akamsogezea kaka yake paja. "Nilikuona makaburini. Kwenye bomba. Nikasema, amekuja, lakini bado hajanisamehe, ndiyo maana hasogei."

"Mimi nilikuwa nasema wewe ndiye hujanisamehe."

"Basi tumengojana."

"Miaka tisa."

"Na leo masaa matatu," Veit akasema, na midomo ikaanza kumcheza. Akacheka kwanza yeye, kicheko cha zizini, cha kukohoa, na Quirin akafuata, ingawa kifua kilimuuma na hakuwa na hakika anacheka nini. Watu wa meza nzima wakacheka pamoja nao bila kujua, kwa kuwa ndivyo watu wanavyofanya pale.

Walipotulia, Quirin alifuta macho kwa mkono wenye mafuta ya kuku. Bado alikuwa akipanga: lozi, Waitaliano, kulia, kushoto. Haikupangika.

"Kwa hiyo nani amemsamehe nani?" akauliza.

"Sijui. Kunywa hii, yako imelala."

"Zote zimelala."

"Basi kunywa iliyolala kidogo." Veit akanywa kwanza yeye, akakunja uso. "Afra atapiga simu jioni. Atataka aelezwe ilikuwaje. Mweleze wewe, ndiye mkubwa."

"Nimweleze nini?" akasema Quirin. "Mimi mwenyewe sijaelewa."